Kubadilisha hendeli ya dirisha nyumbani: chuma, aluminiamu, mbao, luva na PVC

Hendeli ya dirisha haivunjiki hivihivi. Ukiikuta imekatika shingo, au inazunguka bure bila kushika kitu, jua kuna kilichokuwa kikiilazimisha siku zote: bawaba zimelegea na dirisha limeshuka, rangi imepakwa tabaka juu ya tabaka hadi fremu imenenepa, au roli za dirisha la kuslaidi zimekwisha. Ukifunga mpya na kuliacha tatizo lenyewe, hiyo mpya nayo itavunjika palepale.

Kujua kosa liko wapi ni kazi ya dakika mbili. Fungua dirisha wazi kabisa, kisha zungusha hendeli ikiwa haigusi fremu. Ikizunguka kwa wepesi hapo lakini inagoma dirisha likifungwa, hendeli haina kosa. Ni dirisha ndilo limekaa vibaya. Ikigoma hata ikiwa wazi, hapo ndipo pa kuilaumu. Baada ya hapo rudisha dirisha taratibu bila kulikaza, uangalie mwanya unaolizunguka. Mwanya ukiwa mpana juu upande wa hendeli, huku chini kipande kinachofunguka kinasugua fremu, dirisha limeshuka kwenye bawaba. Kaza skrubu za bawaba, au zibadilishe kama zimelika. Bawaba za chuma zinazochomoka huinuliwa kwa kutia wosha nyembamba kwenye pini. Zilizochomelewa ni za fundi welda. Na rangi iliyoganda kwenye ukingo wa fremu hukwanguliwa kwa patasi ya zamani na msasa, kazi ya nusu saa ambayo mara nyingi humaliza tatizo bila kununua chochote.

Vipimo kabla ya kwenda dukani

Ing'oe hendeli ya zamani uende nayo, hata ikiwa vipande vitatu ndani ya mfuko wa nailoni. Muuzaji akikuambia "hizi zote ni saizi moja", usimwamini: hendeli mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana milimita 3 kati ya tundu na tundu, na hizo 3 zinatosha kukuharibia siku.

Cha kwanza ni umbali kati ya matundu ya skrubu, katikati hadi katikati. Kukisia katikati ya tundu kwa jicho ni kujidanganya. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa tundu la pili; matundu yakiwa ya ukubwa mmoja, jibu ni lilelile.

Cha pili ni unene wa skrubu. Madirisha mengi ya chuma na aluminiamu hutumia M4 au M5, yaani kipenyo cha milimita 4 au 5. Hakikisha kwa kuijaribu kwenye nati dukani.

Cha tatu, ambacho karibu kila mtu hukisahau, ni kimo cha ulimi. Ulimi ni ile pua inayoingia nyuma ya fremu na kulivuta dirisha. Laza hendeli juu ya meza, bamba lake likiwa chini, upime kutoka mezani hadi upande wa chini wa ulimi. Ulimi ukiwa juu kuliko wa zamani, dirisha litafungwa lakini litacheza na upepo utapiga filimbi. Ukiwa chini, utagonga fremu na usipite.

Cha nne ni upande. Hendeli nyingi zina kushoto na kulia, na huhesabiwa ukiwa umesimama ndani ya chumba. Piga picha dirisha likiwa limefungwa kabla hujang'oa kitu. Picha hiyo itamaliza ubishi wote wa dukani.

Mwisho kuna jambo linalozihusu nyumba zetu zaidi: nondo na wavu. Pima nafasi kati ya fremu na grili, na kati ya fremu na wavu wa mbu. Hendeli nzuri yenye mkono mrefu haina faida kama ikizunguka inagonga nondo, au kama vidole havipiti kuishika.

Dirisha la chuma

Hili ndilo lenye kazi zaidi, kwa sababu hendeli inaweza kuwa imefungwa kwa skrubu, kwa ribiti (pini ya chuma iliyopondwa kichwa), au imechomelewa kabisa. Andaa bisibisi bapa na ya nyota, drili yenye biti za chuma za milimita 3, 4.2 na 5.5, tapu ya M5 (kifaa cha kukatia meno ya skrubu ndani ya tundu) na mshikio wake, tupa, msumeno wa chuma, nyundo, brashi ya waya na rangi ya kuzuia kutu. Biti ya ukuta haitoboi chuma. Itapiga kelele, itapata moto na kuteleza tu.

Kabla ya chochote, funga kipande kinachofunguka kwenye nondo ya grili kwa kamba imara. Hendeli ikishatoka hakuna kinachokizuia, na upepo mmoja tu unatosha kukipigiza ukutani kioo kikamwagika chini. Kwenye ghorofa, hakikisha hakuna mtu anayepita chini ya dirisha.

1. Kata rangi kuzunguka bamba la hendeli kwa kisu chenye makali. Usipofanya hivyo rangi itabanduka na vipande vikubwa kuliko hendeli yenyewe. Kwangua pia rangi iliyojaa kwenye mfereji wa skrubu hadi bisibisi ikae hadi chini.

2. Skrubu yenye kutu itilie mafuta ya kulegeza kutu. Ukikosa, changanya mafuta ya taa na oili kidogo. Subiri saa moja, au usiku mzima. Kisha simamisha bisibisi kwenye kichwa na uigonge kwa nyundo mara mbili tatu kabla ya kuizungusha. Mshtuko huo ndio unaovunja kutu. Jaribu kwanza kuikaza kidogo, halafu ndipo uilegeze. Kichwa kikiwa kimelika, kata mfereji mpya kwa msumeno.

3. Ribiti haifunguliwi. Piga alama katikati ya kichwa chake kwa sindano ya chuma au msumari mgumu, toboa kwa biti ya milimita 3, kisha kwa biti nene zaidi, ila isizidi mwili wa ribiti. Unakula kichwa tu. Kikishatoka, sukuma mwili wake nyuma kwa msumari na nyundo. Ukitoboa moja kwa moja kwa biti nene, itapanua tundu la fremu na hutapata pa kushika.

4. Safisha mahali pa bamba kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, upake rangi ya kuzuia kutu, uiache ikauke. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionekani. Maji ya mvua hujificha chini ya bamba, na kutu huanzia hapo.

5. Weka hendeli mpya mahali pake, dirisha likiwa limefungwa, uangalie kama matundu yanalingana. Yakilingana, na meno ya skrubu ndani ya matundu ni mazima, songa mbele. Meno yakiwa yamekwisha kwenye tundu la M4, lipanue kwa biti ya 4.2 ukate meno ya M5. Hicho ndicho kipimo cha kutobolea M5; tundu la 5 kamili halitaacha chuma cha kukatwa meno. Tia oili, zungusha tapu nusu mzunguko mbele na robo nyuma, ili vipande vikatike visiikwamishe. Tapu ni ngumu lakini huvunjika kama chaki ikipinda, na iliyovunjikia tunduni haitoki kirahisi.

6. Matundu yasipolingana, usijaribu kutoboa jipya linaloingiliana na la zamani. Biti itateremkia kwenye tundu la zamani na utaishia na pengo lenye umbo la nane. Tengeneza bamba la kati: chuma bapa cha unene wa milimita 3 kinachofunika matundu yote mawili ya zamani, kilichofungwa kwenye fremu kwa skrubu zenye kichwa cha kuzama, na chenye matundu mapya ya M5 ya kufungia hendeli. Kumbuka bamba hilo huinua ulimi kwa milimita 3, kwa hiyo lizingatie unapochagua kimo.

7. Kabla ya kukaza, angalia ncha ya skrubu inatokea wapi. Ikitokeza upande wa kioo hata kidogo, ikate na uilainishe kwa tupa. Kioo kinachoguswa na chuma hakipasuki siku hiyo. Husubiri dirisha lipigizwe, au jua kali likikute kimebanwa, ndipo ufa uanzie palepale kwenye ncha.

Hendeli ya zamani ikiwa imelegea tu kwenye pini yake na ulimi bado una mwili, huenda huna haja ya kununua. Ing'oe, iweke pini juu ya chuma kizito, ugonge kichwa cha pini kwa nyundo kidogo kidogo huku unajaribu kuzungusha. Simama inapoanza kuwa nzito. Ukizidisha imekwama, na hakuna njia nzuri ya kurudi nyuma.

Kuchomelea ndiyo njia wanayoipenda mafundi wengi kwa sababu ni ya haraka. Tungeiacha iwe ya mwisho. Joto hupasua kioo kilicho karibu, cheche huacha madoa kwenye kioo yasiyosafishika, na hendeli iliyochomelewa ikivunjika tena lazima ikatwe kwa grinda. Ikilazimu, kioo kifunikwe kwa bati na kitambaa chenye maji, na ichomwe kwa nukta fupi fupi zenye kupumzika katikati. Hendeli za shaba ya njano, za aluminiamu na zile za aloi ya zinki haziwezi kuchomelewa kwenye chuma kwa fimbo ya kawaida ya welding. Fundi akikuambia ataijaribu, mkatalie.

Aluminiamu la kuslaidi

Hapa kuna kufuli za aina mbili. Moja ni ya umbo la hilali, imekaa juu ya uso wa kipande cha ndani pale vipande viwili vinapokutana. Ukiizungusha, hilali hushika kipokeo kilicho kwenye kipande cha pili. Nyingine imezama ndani ya ukingo wa kipande na ina ndoano inayoingia kwenye fremu.

Kosa la kawaida la hilali ni kutoshika kipokeo, na mara nyingi sababu iko chini kwenye roli. Kipande kimoja kikishuka milimita chache, hilali na kipokeo hupishana. Tafuta tundu dogo chini kwenye ukingo wa kipande. Ndani yake kuna skrubu ya kuinua roli. Izungushe nusu mzunguko, jaribu, ongeza. Roli zikiwa zimelika ubavu, itabidi kipande kitolewe: kiinue hadi kiingie kwenye mfereji wa juu, kisha vuta sehemu ya chini kuelekea ndani. Uwe na msaidizi. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kioo cha milimita 5 chenye upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 1.2 kina kilo 9, kabla hujahesabu aluminiamu yake. Si mzigo mkubwa, lakini hauna pa kushika.

Ukianza kufungua hilali, usitoe skrubu zote mbili kwa pamoja. Kufuli nyingi za aina hii hushikwa na kibamba kidogo kilicho ndani ya uwazi wa aluminiamu, na skrubu zote zikitoka kibamba hicho hudondoka hadi chini ya fremu. Toa skrubu moja, pitisha waya mwembamba au msumari kwenye tundu lake ukishikilie, ndipo utoe ya pili. Kikidondoka, itabidi kipande kitolewe na kipinduliwe.

Kama hakuna kibamba na skrubu inazunguka bure, usihangaike kutafuta skrubu ya aina ileile iliyo nene kidogo. Ukuta wa aluminiamu ya madirisha mara nyingi una unene wa kati ya milimita 1 na 1.5, na meno ya M5 yana hatua (umbali kati ya jino na jino) ya milimita 0.8, yaani skrubu inashikiliwa na meno mawili tu au pungufu. Tumia ribiti ya nati, ambayo hubana ukuta kwa nyuma na kukupa meno kamili ya chuma. Ukikosa kifaa chake, ribiti ya kuvuta ya milimita 4.8 kwenye tundu la 4.9 itashika vizuri, ila siku ya kubadilisha tena utaitoboa.

Kufuli iliyozama ni rahisi zaidi. Slaidi kipande hadi katikati upate ukingo wake, legeza skrubu ya juu na ya chini, vuta mwili wake nje. Pima urefu wa mwili na umbali wa skrubu, na uangalie ndoano inaelekea juu au chini. Mpya ikiingia, funga dirisha taratibu. Ndoano ikigonga kipokeo, legeza skrubu za kipokeo, kisogeze, kaza.

Mbao

Tatizo la mbao karibu siku zote ni tundu lililopanuka. Jaza tundu kwa vijiti vya kuchokonolea meno vilivyochovywa gundi ya mbao, vibane vingi kadiri vinavyoingia, subiri hadi kesho yake, kata vilivyotokeza. Kisha toboa tundu la kuongoza la milimita 2.5 kwa skrubu ya 4. Njiti za kiberiti nazo zinafaa, ukikata vichwa.

Kwenye mninga, mvule au mtiki, usiingize skrubu ya shaba moja kwa moja. Shaba ni laini na mbao hizi ni ngumu. Kichwa kitakatika na mwili ubaki ndani. Ingiza kwanza skrubu ya chuma ya saizi hiyohiyo ikutengenezee njia, itoe, kisha weka ya shaba iliyopakwa sabuni ya kipande au nta ya mshumaa. Kama ulimi hauingii kipokeo msimu wa mvua lakini unaingia kiangazi, mbao imevimba. Randa ukingo kidogo na uupake rangi au vanishi mara moja, maana ukingo ulio uchi ndio unaonywa maji.

Luva

Mkono wa luva ukivunjika, tazama umefungwaje kwenye ule mwamba unaounganisha vishika vioo. Kama ni kwa ribiti, toa vioo kwanza, toboa ribiti, weka mkono mpya kwa ribiti mpya. Ila vishika vioo vikiwa vimelegea navyo, au vimeshaanza kupukutika unga mweupe, usipoteze siku kwa mkono peke yake. Badilisha fremu zote mbili za kando, ukihesabu vioo vyako kabla ya kununua. Vioo vyenyewe vitaendelea kutumika.

PVC na madirisha ya mtindo wa Ulaya

Haya yameanza kuonekana kwenye majengo mapya, na wasomaji walioko Ulaya wanaishi nayo kila siku. Hendeli ina pini ya mraba inayoingia kwenye mtambo uliofichwa ndani ya fremu. Kwa nyingi zake vipimo vimekubalika: pini ya milimita 7, skrubu mbili za M5, na milimita 43 kati ya skrubu na skrubu. Kinachobadilika ni urefu wa pini. Ipime kutoka chini ya bamba hadi nchani. Ikiwa ndefu mno, hendeli haitalala. Ikate kwa msumeno na uilainishe kwa tupa. Ikiwa fupi, itashika mtambo kwa ncha tu, na baada ya muda tundu la mtambo litalika. Fupi irudishe dukani.

Inua kidogo kifuniko cha bamba na ukizungushe robo mzunguko, utaziona skrubu. Kumbuka hendeli ilikuwa imeelekea wapi ulipoitoa, na uiweke mpya katika mwelekeo huohuo. Ukiikosea kwa robo mzunguko, mkao wa hendeli hautalingana tena na dirisha kufungwa au kufunguka. Hendeli mpya ikiwa nzito kama ya zamani, ujue mtambo ndio mkavu. Tia oili nyepesi kwenye ndimi zote zinazoonekana ukingoni.

Skrubu za pwani

Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar, Mombasa, popote chumvi inapofika, skrubu za chuma zilizopakwa zinki hazidumu. Nunua za chuma kisichoshika kutu. Zile za daraja la 316 huvumilia chumvi kuliko 304. Sumaku itakusaidia kuzichuja: ikinata kwa nguvu, hizo si zenyewe. Kwenye aluminiamu epuka skrubu za shaba kabisa, kwa sababu shaba ikikutana na aluminiamu na unyevu wa chumvi, aluminiamu huliwa. Hata zile nzuri zipake grisi kidogo kabla ya kuzifunga. Ukiziba matundu ya zamani kwa silikoni, chagua isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula chuma.

Kupima kazi

Kata karatasi ya upana wa vidole viwili, ifungie dirishani karibu na hendeli, kisha ivute. Inapaswa kukataa au kuchanika. Rudia kwenye kona zote. Karatasi ikitoka kirahisi kwenye kona ya mbali huku karibu na hendeli imebanwa, kipande kimepinda au bawaba haijakaa, na kukaza hendeli zaidi hakutasaidia. Kama ulimi wenyewe ndio haubani, weka kibamba chembamba cha aluminiamu chini ya kipokeo, nusu milimita kwa mara moja.

Fungua na ufunge mara ishirini, kisha kagua skrubu tena. Zitakuwa zimekaa na huenda zikahitaji robo mzunguko. Mwishowe mwagia dirisha ndoo ya maji kutoka nje, ukianzia chini kwenda juu, huku mtu wa ndani akiangalia matundu ya zamani uliyoyaziba.